Barua za Wasomaji: Kiinua Mgongo ni Mshahara Uliotangulia

Barua nyingi zilizofika mwezi huu zinahusu kustaafu, na sehemu kubwa yake zimeandikwa na watu waliobakiza miaka michache kazini. Nimechagua nne ambazo maswali yake yanawagusa wengi, nikazifupisha na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mwandishi. Ninazijibu nikiwa mtu aliyefanya kazi ya kukokotoa mafao ya wengine kwa miaka mingi, na ambaye sasa ni mstaafu mwenyewe.

SWALI: Nina umri wa miaka 57 na nimebakiza miaka mitatu kufikia kustaafu kwa lazima. Mfuko ninaochangia unaniruhusu kuchagua kati ya kuchukua sehemu kubwa ya mafao yangu kwa mkupuo na kubaki na pensheni ndogo ya kila mwezi, au kuchukua mkupuo mdogo na kupata pensheni kubwa zaidi. Wenzangu kazini wananishauri nichukue fedha zote ninazoweza kuchukua, kwa sababu hakuna aijuaye kesho. Mdogo wangu amekwisha kunipigia hesabu ya kununua mabasi mawili madogo. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla sijagusa swali la mkupuo na pensheni, naomba tukubaliane juu ya jina la fedha hizo. Tumezoea kuziita kiinua mgongo, na neno hilo linatufanya tuone kana kwamba tumepewa kitu cha kutunyanyua siku ya kuondoka. Kwa kweli ni mshahara wako wa miaka ishirini au thelathini ijayo, uliotangulia kulipwa wote siku moja. Anayeziona fedha hizo kama mtaji hujiuliza atanunua nini, lakini anayeziona kama mshahara hujiuliza zitamtunza kwa miezi mingapi, na majibu ya maswali hayo mawili huwapeleka watu njia tofauti kabisa.

Chukua karatasi uandike kiasi cha mkupuo unaotarajia, kisha ukigawe kwa 300, ambayo ni idadi ya miezi iliyopo kati ya umri wa miaka 60 na miaka 85. Mwaka jana nilikaa mezani na bwana mmoja aliyekuwa amebakiza miezi minne kazini, nikamwomba afanye hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Aligawa, akatazama jibu, akaichukua simu yake na kugawa tena kwa kikokotoo chake, kisha akanyamaza kwa muda. Kiasi alichokiona kilikuwa pungufu ya thuluthi moja ya mshahara aliokuwa akipokea, naye alikuwa amekwisha kuwaahidi watu watatu kwamba atawasaidia mwezi wa kwanza tu baada ya kulipwa. Sikuwa na la kuongeza, kwa sababu karatasi ilikuwa imemaliza maneno.

Wenzako wanasema hakuna aijuaye kesho, na ni kweli, lakini hoja hiyo ina makali pande mbili. Kutoijua kesho maana yake unaweza kufa mapema, na pia maana yake unaweza kuishi mpaka fedha zikuishie ukiwa hai. Nchini Marekani, mtu wa kwanza kulipwa pensheni ya kila mwezi chini ya mfumo wa hifadhi ya jamii alikuwa Ida May Fuller, aliyekuwa katibu katika ofisi ya mawakili. Alichangia kwa muda wa takribani miaka mitatu, jumla ya dola 24.75, na hundi yake ya kwanza, ya tarehe 31 Januari 1940, ilikuwa ya dola 22.54. Aliishi hadi mwaka 1975, akafariki akiwa na miaka 100, na kufikia wakati huo alikuwa amelipwa dola 22,888.92. Uwiano wa namna hiyo kati ya mchango na malipo uliwezekana kwa sababu mfumo ulikuwa mchanga, na mchangiaji wa leo asiutarajie. Linalonigusa katika habari zake ni kwamba alipoacha kazi hakuwa na namna yoyote ya kujua kwamba ana miaka 35 mbele yake. Kama angepewa mkupuo na kuambiwa augawe mwenyewe, angeugawa kwa miaka mingapi?

Hiyo ndiyo kazi ya pensheni ambayo mkupuo hauwezi kuifanya: inakubeba kwa muda wote utakaoishi, uwe mfupi au mrefu. Kwa hiyo shauri langu, kwa mtu mwenye afya ya kawaida, ni kuchagua pensheni kubwa na mkupuo mdogo, isipokuwa kama majibu ya maswali matatu yatanirudisha nyuma. Swali la kwanza ni kama pensheni yako huongezwa pale bei za vitu zinapopanda. Ipo hesabu nyepesi ambayo wenye mabenki huitumia: gawa 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei, nawe utapata takribani idadi ya miaka inayohitajika ili bei ziongezeke maradufu. Mfumuko ukiwa asilimia 6 kwa mwaka, bei huongezeka maradufu kila baada ya miaka 12, maana yake ni kwamba aliyestaafu na miaka 60 atakuta vitu vimefika bei mara mbili atakapokuwa na miaka 72, na mara nne atakapofika 84. Pensheni isiyopanda kabisa katika hali hiyo inabaki na robo tu ya nguvu yake. Swali la pili ni mwenzi wako atalipwa nini ukitangulia kufa, na kwa muda gani. Swali la tatu ni kama unadaiwa mkopo wenye riba kubwa, kwa sababu hakuna uwekezaji wa salama utakaokupa faida inayoshinda riba unayolipa, na deni la aina hiyo ni vyema likaisha kabla ya siku ya mwisho kazini. Nenda ofisi za mfuko wako, uombe majibu ya maswali mawili ya mwanzo kwa maandishi. Ukiwa huko, kagua pia kama michango ya miaka yote imeingizwa, maana pengo la miezi kadhaa la miaka kumi na mitano iliyopita ni rahisi kulifuatilia leo, wakati mwajiri bado yupo na hati zake zipo, kuliko siku utakapokuwa umesimama dirishani ukisubiri malipo.

Sasa mabasi. Simkatalii mdogo wako, na wapo wastaafu wanaoendesha biashara hiyo vizuri. Ninachokataa ni kujifunza biashara mpya kwa fedha ambazo hazitarudi tena, ukiwa na umri ambao hauna muda wa kuzitafuta upya. Basi hukuletea fedha kila jioni, na fedha hizo hufanana sana na faida, lakini gurudumu moja moja, injini na bodi vinalika kila siku bila kukuambia. Kama gari litahitaji kubadilishwa baada ya miaka mitano, basi kila mwezi lazima utenge sehemu moja ya sitini ya bei yake, juu ya matengenezo, bima, kodi na mishahara, kabla hujahesabu hata senti moja kuwa ni mapato yako. Asiyefanya hivyo anakula gari lake polepole huku akidhani anakula faida. Unayo miaka mitatu ya mshahara bado. Ikiwa moyo wako unaipenda kazi hiyo, ingia sasa hivi kwa kiasi kidogo, labda kwa ubia na mtu anayeijua, uandike kila kinachoingia na kinachotoka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la miaka miwili litakushauri vizuri kunishinda.

Kuhusu sehemu ya mkupuo utakayobaki nayo, itenge kwa kadiri ya wakati utakaoihitaji. Matumizi ya mwaka mmoja yakae mahali unapoweza kuyachukua wakati wowote. Ya miaka mitano au sita inayofuata yanaweza kukaa katika amana za muda maalumu na hatifungani za serikali, yaani mikopo unayoipa serikali nayo ikakulipa riba. Kinachozidi hapo ndicho kinachoweza kuvumilia misukosuko ya hisa au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwa sababu hutakigusa karibuni. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipitia kumbukumbu za masoko ya nchi yake tangu mwaka 1926 na kuona kwamba mtu aliyechanganya hisa na hatifungani, akatoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza na kuongeza kiasi hicho kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, aliweza kuishi angalau miaka 30 bila kuishiwa. Kipimo hicho kinasaidia kuanzia hesabu, ingawa kimetokana na soko la nchi moja iliyofanikiwa, na mahali ambapo bei hupanda kwa kasi zaidi ningeanza chini ya hapo. Bengen alionesha pia kwamba miaka ya mwanzo ndiyo ya hatari kuliko yote: thamani ya uwekezaji ikianguka mwaka wa pili au wa tatu huku wewe ukiendelea kuchota, kinachobaki hakina nguvu ya kurudi juu hata soko likipona. Ndiyo maana naisisitizia ile akiba ya matumizi ya karibu, isiyoyumbishwa na soko.

Na miezi sita ya kwanza baada ya kulipwa, usinunue chochote kikubwa, usimkopeshe mtu, usitie saini mkataba wowote. Habari za malipo husambaa haraka, na matapeli wanajua kalenda ya wastaafu kuliko wastaafu wenyewe. Anayekuahidi faida kubwa ya uhakika kila mwezi anakudanganya, hata kama ni mtu unayemheshimu, kwa kuwa huenda naye amedanganywa.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, sina mwajiri wala mfuko. Kuna mwezi kazi zinajaa mpaka usiku, na kuna mwezi sipati kitu. Kila nikiweka akiba, inatokea shida inaichukua yote. Je, mtu kama mimi anastaafu vipi?

JIBU: Ndugu fundi, barua yako imenigusa kwa sababu mambo mengi yanayoandikwa kuhusu kustaafu huwasahau watu wa kazi yako, ilhali sehemu kubwa ya watu wanaofanya kazi duniani hawana mwajiri wa kuwakatia mchango.

Umeeleza mwenyewe chanzo cha tatizo lako: fedha za shida na fedha za uzeeni zimewekwa katika chungu kimoja, na shida ndiyo hufika kwanza. Vitenganishe. Chungu cha kwanza ni cha dharura, na lengo lake ni kufikia matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu, kisha sita. Kikijaa, ndipo chungu cha pili kianze, nacho kiwe mahali ambapo kuchukua fedha kunahitaji safari, fomu na kusubiri. Mahali pengi mifuko ya hifadhi ya jamii hupokea wachangiaji wa hiari waliojiajiri, hivyo ulizia masharti yao kabla ya kutafuta njia nyingine. Na kwa kuwa mapato yako hayana mwezi, usiweke akiba kwa mwezi. Weka kwa nguo. Mteja anapokulipa, kabla futikamba haijarudi shingoni, toa sehemu moja ya kumi na kuiweka kando. Mwezi wenye kazi nyingi utachangia sana, mwezi mkavu utachangia kidogo, na hutalazimika kujilaumu.

Kuhusu kuchelewa, hesabu iko upande wako. Tuseme unaweka vipimo 10 vya fedha, kipimo kimoja kikiwa kiasi chochote unachokimudu, kila mwaka kuanzia sasa hadi miaka 60, navyo vinakua kwa asilimia 5 kwa mwaka baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Utakuwa umeweka vipimo 260, lakini utakuta takribani 511, kwa sababu faida ya kila mwaka nayo huzaa faida yake. Ukisubiri mpaka uwe na miaka 44 na kuweka vilevile 10 kila mwaka, utakuwa umeweka 160 na utakuta kama 237. Miaka kumi ya kusubiri imekuokolea vipimo 100 mfukoni na kukunyang'anya zaidi ya 270 uzeeni. Sisemi faida hiyo ya asilimia 5 ni ya uhakika kila mahali, ila nakuonesha jinsi muda unavyofanya kazi ambayo juhudi ya baadaye haiwezi kuilipa.

Kama sehemu moja ya kumi ni nzito kwa sasa, anza na kiasi kisichokuumiza, lakini weka ahadi leo kwamba kila utakapopandisha bei ya ushonaji, nusu ya nyongeza itaingia katika chungu cha pili. Wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walijaribu wazo la namna hiyo kwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja nchini Marekani: waliwaomba wakubali mapema kwamba kila mshahara utakapoongezwa, mchango wao nao utaongezeka. Katika muda wa miezi 40 wastani wa akiba ya waliokubali ulipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6. Kilichowasaidia ni kwamba hawakukatwa kile walichokwisha kukizoea.

Jambo la mwisho ni macho na mgongo wako, ambavyo ni mtaji kabla ya cherehani. Kuanzia miaka ya arobaini, karibu kila binadamu huanza kupata shida ya kuona vitu vya karibu, na kutunga uzi sindanoni ndiko kunakomjulisha fundi kwanza. Panga mapema ili ukifika miaka 50 uwe unakata na kupima huku vijana uliowafundisha wakishona, na kama unaweza, uwe na mashine mbili tatu ambazo wengine wanazilipia. Fundi huwa hastaafu siku moja kama karani. Hupunguza saa za kazi kidogo kidogo, na hiyo ni faida usiyopaswa kuidharau, mradi tu uwe wewe unayechagua kupunguza, na isiwe mwili umekulazimisha.

SWALI: Nimestaafu miaka miwili iliyopita. Watoto wangu wanasema niandikishe nyumba yangu kwa majina yao sasa, ili kuepusha ugomvi nitakapofariki. Ni sahihi?

JIBU: Hapana, mama yangu, na nalisema hilo bila kuwafikiria vibaya wanao. Nyumba ikishaandikwa kwa jina la mwingine, inaweza kuwekwa rehani, kuingia katika talaka ya mtoto au kudaiwa na wanaomdai, nawe ukawa mgeni katika chumba chako mwenyewe hata kama kila mmoja wao anakupenda. Ugomvi unaouhofia huepushwa kwa wosia ulioandikwa na kushuhudiwa kwa mujibu wa sheria ya mahali unapoishi, ukataja msimamizi wa mirathi, na ukawaeleza watoto wote wakiwa pamoja yaliyomo ndani yake. Hati ya nyumba ibaki kwa jina lako.

Hujui utaihitaji nyumba hiyo kwa muda gani. Huko Ufaransa, mwaka 1965, bibi mmoja wa miaka 90, Jeanne Calment, aliingia mkataba na mwanasheria wa miaka 47: mwanasheria angemlipa faranga 2,500 kila mwezi kwa muda wote wa maisha yake, naye angeendelea kuishi katika nyumba yake, kisha nyumba ingekuwa ya mlipaji baada ya bibi kufa. Mwanasheria alifariki mwaka 1995 akiwa bado analipa, mjane wake akaendelea kulipa, na bibi alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Kilicholipwa kilizidi mara mbili ya thamani ya nyumba. Alichokifanya vizuri Bibi Calment ni kutoachia paa la juu yake kabla ya wakati.

Ukiwa katika kazi hiyo ya wosia, kagua pia majina ya wanufaika uliyoyaandika katika fomu za mfuko wa pensheni, bima na benki. Nimeona mafao yakisimama kwa miezi mingi kwa sababu fomu ilikuwa bado na jina la mzazi aliyekwisha kufariki.

SWALI: Mume wangu alistaafu miezi saba iliyopita baada ya miaka 31 ya kutunza ghala. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi huvaa shati la kazi, huweka kalamu mbili mfukoni, kisha hukaa sebuleni akitazama dirishani. Baadaye huanza kukagua nyumba: amepanga upya makabati yangu, anasoma mita ya umeme mara mbili kwa siku, ananiuliza nimetoka wapi na nimetumia nini. Hakuwa hivi. Tumekwisha kugombana zaidi ya miaka yote ya nyuma. Nimsaidieje?

JIBU: Dada yangu, mumeo hajabadilika. Amebaki mtunza ghala, ila ghala limeondoka, na sasa nyumba yako ndiyo imegeuzwa kuwa ghala.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walipanga matukio ya maisha kwa uzito wa msukosuko unaoletwa na kila moja. Kufiwa na mwenzi kulipewa alama 100, na kustaafu kukapewa alama 45, kukawa katika nafasi ya kumi kati ya matukio 43. Mwanasosholojia Robert Atchley naye alieleza kwamba baada ya kustaafu wengi hupita katika kipindi kinachofanana na fungate, ambapo kila siku ni mapumziko, kisha hushuka katika kipindi cha kuvunjika moyo, kabla ya kujipanga upya na kutulia. Si kila mtu hupitia hatua zote, lakini mtu aliye katika kile cha kuvunjika moyo, ambacho maelezo yako yanakitaja bila kukipa jina, hajaharibika, bali yuko njiani.

Niruhusu niseme yangu. Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, nikavaa, nikashika ufunguo wa ofisi niliokuwa nimekwisha kuurudisha Ijumaa, yaani mkono uliutafuta mahali ulipokuwa ukitundikwa na haukuukuta. Nilisimama pale ukutani kwa dakika nyingi. Kilichoniuma zaidi katika wiki zilizofuata kilikuwa simu. Kwa miaka mingi ilikuwa ikilia mpaka nikaichukia, na sasa ilikuwa kimya tangu asubuhi hadi jioni. Mtu aliyekuwa akiulizwa jambo kila baada ya nusu saa anapopita siku nzima bila kuulizwa chochote, huanza kuuliza yeye, na wa kuulizwa ni mkewe.

Kwa hiyo anza na mazungumzo, lakini usiyaanze wakati amefungua kabati. Chagua saa tulivu, umwambie unachokiona bila lawama, kisha umuulize ni kitu gani cha kazini anachokikosa. Sikiliza kwa makini jibu lake la pili, kwa sababu la kwanza kwa kawaida huwa ni "hakuna." Baada ya hapo gawaneni nyumba. Wewe ulikuwa na utaratibu wako wa mchana kwa miaka 31, na una haki ya kuulinda. Mwambie waziwazi saa ambazo ni zako na mambo ambayo ni yako, naye achukue yake kikamilifu, bila wewe kumsahihisha. Usimpe orodha ya vijikazi vya kumshughulisha, maana mtu mzima hutambua haraka anapobembelezwa kama mtoto.

Maswali yake ya kila siku kuhusu matumizi yananifanya nishuku jambo lingine. Huenda anaogopa. Wanaume wengi wa rika letu hawasemi kwamba fedha zinawatia hofu, husema kwamba taa imeachwa ikiwaka. Kaeni pamoja na daftari moja: pensheni inayoingia, akiba iliyopo, matumizi halisi ya miezi mitatu iliyopita, na kiasi mtakachokuwa mkiwasaidia watoto na ndugu, kiwe na kikomo kinachojulikana kwenu nyote wawili. Inawezekana mkagundua kwamba hali ni nzuri kuliko anavyodhani, na inawezekana mkagundua kwamba lazima mpunguze kitu. Vyovyote itakavyokuwa, hatakuwa tena na sababu ya kuisoma mita mara mbili.

Usipuuze afya. Kama halali vizuri, amepungua uzito, ameanza kunywa kuliko zamani, au anasema maneno ya kukata tamaa ya kuishi, mpeleke kwa daktari mapema, kwa sababu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoondoka, kwa wazee huchukuliwa mara nyingi kuwa ni uzee wenyewe, ilhali inatibika. Kama anazungumza habari ya kujidhuru, usingoje hata siku moja.

Lakini kinachohitajika zaidi nje ya nyumba ni mahali ambapo watu wanamsubiri siku maalumu na watauliza asipofika. Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikifuatilia maisha ya kundi la watu tangu mwaka 1938, na jambo ambalo wasimamizi wake wamelirudia ni kwamba uhusiano mzuri na watu wengine unahusiana sana na afya na furaha ya uzeeni. Kutembea peke yake jioni ni kuzuri kwa moyo, ila hakutoshi. Mtu aliyetunza ghala kwa miaka 31 anajua kuhesabu, kuandika, kulinda mali ya wengine na kugundua kilichopungua, na vikundi vingi vya akiba na mikopo, vyama vya wazazi shuleni na kamati za nyumba za ibada huteseka kwa kukosa mtu wa namna hiyo. Wiki hii, zungumza na mwenyekiti wa kikundi kimoja unachokifahamu, umwombe aje nyumbani mwenyewe kumwomba mumeo awakagulie vitabu vya mwaka jana. Aje asubuhi, kabla makabati hayajafunguliwa, na avilete vitabu vyenyewe mkononi.